Baba, usifiche ugonjwa huu



Nguvu za kiume zikipunguka, wengi wanasema: «Nimelogwa», ama «Bibi yangu ndiye sababu». Wanakimbilia mizizi ya sokoni. Sisi tunasema: pima damu kwanza.

Sikia sababu. Mshipa unaopeleka damu kwenye uume ni mwembamba, milimita 1 au 2 tu. Mishipa ya moyo ina milimita 3 au 4. Sukari nyingi, mafuta, tumbaku na damu kupanda vinaharibu mishipa yote, lakini ule mwembamba unaziba mbele. Leo kitanda, kesho pengine moyo.

Kazini king'ora kikilia, hakuna anayeona haya kukimbia. Hiki nacho ni king'ora. Kwa nini uone haya mbele ya muganga?

Nenda dispensari asubuhi, bila kula. Sukari ikifika miligramu 126 kwa desilita, watapima tena ili kuhakikisha. Kiuno kikipita sentimita 94, punguza bia na bukari, acha sigara, tembea kwa miguu.

Na bibi yako mwambie. Akijua, atakusaidia, asipojua, atafikiri umemchoka.