Mamalia hawakushinda vita yoyote

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zilifunguliwa kwa namna moja. Kimondo kinaanguka Chicxulub, dinosaria wanateketea, halafu mamalia waliojibanza mashimoni wakingoja zamu yao wanachomoza kuirithi dunia. Baadhi tumezirudisha kwa waandishi. Nyingine tumezikata aya ya kwanza, na wenyewe wamekasirika. Wana haki ya kuelezwa kwa nini.

Hakuna aliyekuwa akingoja zamu. Kimondo kilipopiga miaka milioni 66 iliyopita, mamalia walikuwa wameishi na dinosaria kwa zaidi ya miaka milioni 140, na si wote waliokuwa wanyonge wa kukimbilia shimoni. Repenomamus wa China, aliyeishi mwanzoni mwa kipindi cha Kretasia, alitangazwa mwaka 2005 akiwa na mifupa ya mtoto wa dinosaria tumboni. Anayetaka kuandika habari za vijipanya vilivyotetemeka gizani amweleze kwanza huyo.

Tena kimondo hakikuwapendelea. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanywa Chuo Kikuu cha Bath kwa kutumia visukuku vya Amerika ya Kaskazini ulikadiria kwamba takriban asilimia 93 ya spishi za mamalia zilitoweka. Jamaa wa oposamu, waliokuwa wamestawi sana huko, nusura wafutike kabisa. Ukoo uliozika tisa katika kila kumi hauitwi mshindi. Wala akili haikuwaokoa: uchunguzi wa mafuvu uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya maangamizi hayo miili ya mamalia ilikua kwa kasi na kuuacha ubongo nyuma, hata ukilinganisha na mwili ukawa mdogo kuliko wa wahenga wao. Walionusurika, inaelekea, walikuwa wadogo, wasiochagua chakula na wenye mahali pa kujificha. Hiyo ni bahati, na sioni aibu gani kuisema kwa jina lake.

Kuhusu kama muuaji alikuwa kimondo au volkeno za Deccan huko India, humu mna makala mbili zinazopingana, nami sitaongeza ya tatu. Tangu Luis Alvarez na mwanawe Walter watoe hoja ya kimondo kwa ushahidi wa iridiamu mwaka 1980, na tangu shimo la Chicxulub, huko Yucatán, lenye upana wa kilomita 180 hivi litambuliwe mwaka 1991, mimi nimeridhika. Wasioridhika wamepewa kurasa za kutosha.

Linaloniudhi ni jingine. Kisa cha kuinuka kwa mamalia tunakisoma kana kwamba ni cha dunia nzima, ilhali sehemu kubwa yake imeandikwa kutokana na miamba ya Montana, Dakota na Colorado. Matokeo ya Corral Bluffs, karibu na Colorado Springs, yaliyotangazwa mwaka 2019, ni kazi ya kuvuliwa kofia: ndani ya miaka 100,000 baada ya kimondo wapo mamalia wa ukubwa wa rakuni, na kufikia miaka 700,000 wapo wa kilo 50 hivi, pamoja na mabaki ya mimea ya jamii ya kunde. Lakini hiyo ni habari ya mahali pamoja. Je, huku kwetu Afrika?

Tembo, pimbi, nguva, muhanga na sengi ni ukoo mmoja. Vinasaba vililidhihirisha hilo mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya wasomaji wa mifupa kuwatawanya wanyama hao huku na kule kwa miongo mingi. Ukoo huo ulikulia Afrika wakati bara hili lilipokuwa limetengwa na bahari. Ukitafuta mizizi yake ardhini, utapelekwa Morocco, kwenye machimbo ya fosfeti ya Ouled Abdoun, alikotoka Eritherium: jamaa wa tembo mwenye kilo tano au sita, aliyeishi miaka milioni 60 hivi iliyopita na kutangazwa mwaka 2009. Kati yake na kimondo kuna miaka milioni sita ambayo rekodi ya mamalia wa Afrika ni karibu tupu. Na mwanzo wa miaka hiyo ndio ambao Colorado inatupangia karibu hatua kwa hatua.

Kusini mwa Sahara hali ni mbaya zaidi. Tanzania ina Galulatherium wa Kretasia kutoka Bonde la Rukwa, aliyepewa jina mwaka 2019 kwa taya moja. Kisha tunaruka hadi popo wa Mahenge, Singida, wa miaka milioni 46 hivi iliyopita, na kutoka hapo hadi nyani wa Nsungwe wa miaka milioni 25, huko huko Rukwa.

Nitaambiwa miamba ya umri unaotakiwa ni adimu. Ni kweli, lakini si sababu pekee. Tumezoea kutafuta vikubwa. Tendaguru, kilima cha dinosaria huko Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913. Mafundi na wapagazi waliosimamiwa na watu kama Boheti bin Amrani walitoa mifupa ya zaidi ya tani 200 na kuibeba vichwani hadi bandari ya Lindi. Dinosaria Giraffatitan kutoka huko amesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, na kila mtoto wa shule anaweza kuelezwa habari zake. Kilima hicho hicho kilitoa taya dogo la mamalia, Brancatherulum, lililoelezwa mwaka 1927 likiwa halina jino hata moja. Ni wangapi kati yetu wanaolifundisha? Nawaunga mkono wanaodai mifupa irudi. Ila katika kelele zote hizo sijasikia mtu akidai fedha za kuchekecha udongo wa Tendaguru, ambao haukupakiwa melini.

Tendaguru ni ya Jurasi na haitaziba pengo la baada ya kimondo. Naitaja kwa sababu inatuonyesha mazoea yetu. Jino la mamalia wa wakati huo huweza kuwa dogo kama punje ya mtama. Halionekani kwa kutembea juu ya kilima na sururu begani. Udongo unakaushwa, unalowekwa, unaoshwa kwenye chekeche zenye matundu madogo, kisha mtu anakaa na hadubini siku nzima akiokota. Kazi hiyo haitoi picha za kupeleka gazetini, na nashuku ndiyo maana wafadhili huikimbia.

Kuhusu mengine yaliyomo katika toleo hili: makala ya ndege isomwe na kila anayesema dinosaria wamekwisha huku akila kuku. Ile ya kasa na mamba ni fupi na safi. Mapitio ya vitabu yako mwisho.

Wahadhiri wa jiolojia wenye mifuko ya udongo wa Kretasia au Paleosini iliyosahaulika stoo, fungueni mifuko hiyo. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, waombeni chekeche. Toleo lijalo tumelitengea kurasa za visukuku vidogo vya Afrika Mashariki, na tutapokea hata taarifa ya jino moja lililovunjika.