Mtihani wa wahasibu: Lubumbashi ijitayarishe kwa kalamu, si kwa kukariri

Kila mwaka vyuo vya Lubumbashi vinatoa vijana wenye diploma ya uhasibu. Wanatoka UNILU, wanatoka ISC, wanatoka ISS, wanatoka vyuo vya binafsi vilivyojaa mjini. Wanajua debe na kredi, wanajua kupanga fakitire, wanajua kufunga kasha jioni. Lakini tukiuliza ni wangapi kati yao wamegonga mlango wa Jumuiya ya Kitaifa ya Wahasibu Wataalamu, ile tunayoiita ONEC, kimya kinatanda. Na kati ya wachache wanaogonga, wengine wanarudi mikono mitupu wakisema mtihani ulikuwa mgumu mno, au matokeo yalipangwa toka mbele.

Sisi tunasema hivi: mtihani wa kuingia katika kazi hii haupotei siku ya kukaa darasani. Unapotea miezi mingi kabla, kwa namna tunavyojitayarisha. Na hasara yake si ya kijana peke yake. Ni hasara ya jimbo zima la Haut-Katanga.

Kwanza tukumbushane mlango huu ni wa nini. ONEC iliundwa kwa sheria namba 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015. Kabla ya hapo, tangu 12 Septemba 2012, Kongo ilikuwa imeingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Katika sheria hiyo, kila sosiete ya aina ya SA lazima iwe na mkaguzi wa hesabu anayeitwa commissaire aux comptes. SARL nayo inalazimika ikifikisha mambo mawili kati ya matatu: bilani inayopita milioni 125 za franka CFA, mauzo ya mwaka yanayopita milioni 250, au wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 50. Na pale nchi ilipo na jumuiya ya wahasibu wataalamu, mkaguzi huyo anatoka ndani ya jumuiya. Mwenye diploma ya chuo pekee anaweza kutunza vitabu vya sosiete. Kuthibitisha hesabu kwa saini yake hawezi.

Sasa angalia mji tunaoishi. Toka Kipushi mpaka Kambove, toka Likasi mpaka Kasumbalesa, uchumi wetu ni shaba na kobalti, na shaba na kobalti vinaingia katika maisha yetu kwa njia ya hesabu. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema sehemu ya ushuru wa madini igawanywe: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa mamlaka ya mahali pale madini yanapotoka, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani.

Tufanye hesabu ndogo. Kampuni ikiuza kwa dola milioni 100, wakaaji wanastahili dola 300,000. Ikiandika kwamba imeuza kwa milioni 90 tu, dola 30,000 zimepotea kimyakimya: madarasa hayakujengwa, kisima hakikuchimbwa, na hakuna aliyeona mwizi. Chifu hataiona tofauti hiyo. Mwandishi wa habari hataiona. Anayeiona ni mtu aliyefundishwa kusoma bilani, akalinganisha mauzo na tani zilizovuka mpaka, tena mwenye mamlaka ya kukataa kutia saini. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu daftari lipo. Wanaokosekana ni wasomaji wake, watoto wa hapa wenye haki ya kulisoma mpaka mwisho.

Ndiyo maana tunauangalia mtihani huu kama jambo la wote.

Kosa la kwanza: silabusi ya zamani

Kijana wa Lubumbashi anapoamua kujitayarisha, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta silabusi. Anaazima ya kaka yake, au ananunua fotokopi iliyopita mikono kumi. Hapo ndipo shida inaanzia. Nchi yetu ilitumia mpango wake wa uhasibu toka mwaka 1976, wakati wa Zaire. Ukaja ule wa OHADA. Kisha OHADA yenyewe ikaurekebisha: sheria mpya ilitiwa saini tarehe 26 Januari 2017, na toka 1 Januari 2018 ndiyo inayotawala hesabu za kila sosiete.

Mabadiliko hayo si madogo. Jedwali la TAFIRE, lililotesa promosyo nyingi, liliondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na jedwali la mtiririko wa fedha. Mifumo mitatu ya zamani imebaki miwili: wa kawaida, na ule mdogo wa wafanyabiashara wadogo. Gharama za kuanzisha sosiete, ambazo zamani ziliwekwa kwenye bilani kama mali, hazikubaliwi tena hapo. Mashine kubwa sasa inagawanywa kwa sehemu zake, kila sehemu na umri wake. Na jambo linalotugusa sisi watu wa madini: kampuni inapojenga kiwanda ikijua kwamba siku moja italazimika kukibomoa na kurudisha udongo katika hali nzuri, gharama hiyo ya mwisho inahesabiwa toka mwanzo, ndani ya thamani ya kiwanda.

Anayejitayarisha kwa fotokopi ya mwaka 2010 atajibu vizuri sana maswali ambayo hakuna anayeyauliza tena. Dawa yake haina bei kubwa. Sheria yenyewe ya SYSCOHADA inapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kifaransa. Ni ndefu, inachosha, lakini ndiyo chemchemi. Silabusi zote ni maji yaliyotekwa humo, na mengine yamekaa kwenye ndoo muda mrefu.

Kosa la pili: kukariri

Kosa hili ni zito zaidi, sababu tunalifundisha wenyewe. Toka sekondari mtoto wetu anatayarishwa kwa Exetat, ambapo kwa sehemu kubwa anachagua jibu moja kati ya matano. Akifika chuo, anakariri kurasa ili azirudishe kama alivyozipokea. Mtihani wa kazi hautaki hivyo. Unampa mtahiniwa mambo ya sosiete, tena yaliyochanganyika, na kumwambia: panga, hesabu, kisha eleza kwa nini.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mama mwenye depo komini ya Kenya ananunua bidhaa za dola 10,000 toka Zambia, kwa mkopo, mwezi wa 11. Tuseme siku hiyo dola moja ni franka 2,300. Deni linaandikwa franka 23,000,000. Tarehe 31 Desemba dola imefika 2,350. Deni lilelile sasa ni franka 23,500,000. Ile 500,000 iliyozidi iende wapi? Aliyekariri atasema ni hasara, basi. Aliyeelewa atasema bado haijawa hasara kamili, sababu mama hajalipa. Ataiweka kwenye konti 478 upande wa mali, ataongeza deni la muuzaji, kisha atatenga kiasi hicho kwa ajili ya hatari. Mwezi wa 2 mama akilipa kwa 2,370, deni limekula franka 23,700,000. Hapo ndipo hasara ya 700,000 inakuwa ya kweli.

Swali kama hilo halina kitu kigeni kwa mtu wa Lubumbashi. Tunauza na kununua kwa dola kila siku, na kila mama wa marché Mzee anajua kwamba dola ikipanda usiku, asubuhi mtaji umepungua. Tunalo somo mikononi. Tunachokosa ni zoea la kuliandika kwenye karatasi, hatua kwa hatua, ndani ya muda.

Namna ya kujitayarisha

Kwa hiyo tunamshauri kijana anayetaka kujaribu afanye mambo machache, lakini ayafanye kweli.

Ajipe miezi sita, si wiki tatu. Miezi miwili ya kwanza iwe ya SYSCOHADA peke yake, toka konti za aina ya 1 mpaka ya 8, kwa mazoezi ya kila siku. Miwili inayofuata iwe ya sheria ya makampuni, kodi na ukaguzi. TVA yetu ya 16%, iliyoanza Januari 2012, aweze kuihesabu na kuitetea mbele ya mtu wa DGI. Miezi miwili ya mwisho iwe ya mitihani kamili: saa mezani, simu imefungwa, kalamu mkononi, bila kufungua buku.

Asisome peke yake. Watu wanne au watano wanatosha. Tunajua kuunda likelemba ya pesa. Tuunde na ya masomo. Kila Jumamosi mmoja alete zoezi, wengine walifanye, kisha wasahihishane bila huruma. Nyumba yenye umeme zamu hii ndiyo itakayopokea kikundi. SNEL ikikata, wahamie kwa mwingine.

Na ajifunze kuandika Kifaransa chepesi na safi. Wengi wanajua jibu lakini hawawezi kulieleza katika mistari mitano. Msahihishaji hasomi yaliyomo kichwani, anasoma karatasi.

Jambo moja zaidi, nalo tunalisema kwa sauti. Penye mtihani hakukosekani mtu wa kusema: nipe kitu kidogo, nitakupa maswali. Mkimbie. Kwanza anakudanganya. Pili, hata kama asingekudanganya, fikiri: kazi yenyewe ni kukataa hesabu za uongo. Aliyenunua mlango wa kuingilia atauza saini yake siku ya kwanza kampuni itakapomletea bahasha.

Wakubwa nao wana deni

Itakuwa si haki kumtwika kijana mzigo wote. Wapo wanaosema kwamba hata ukisoma, katika nchi hii kazi inatolewa kwa undugu na kujuana. Hatutasema ni uongo. Lakini dawa ya kujuana ni uwazi, na uwazi unatoka juu.

Tunaiomba ONEC mambo matatu. Programu ya mtihani itoke mapema na ifike kila jimbo. Maswali ya miaka iliyopita yawekwe hadharani, pamoja na maelezo ya makosa ambayo watahiniwa wengi wanafanya. Na pawe na kituo cha mtihani hapa Lubumbashi kila safari, sababu toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500, na bei ya ndege isiwe mtihani wa kwanza. Hatuombi ndoto. Tanzania, ambako bodi ya wahasibu NBAA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, mitihani inafanyika mwezi wa 5 na wa 11, na maswali yaliyopita yanatolewa pamoja na majibu yake. Kijana wa Mwanza anajua anajitayarishia nini. Wa Lubumbashi anastahili kujua vilevile.

Ugumu wa mtihani wenyewe tusiuguse. Hatutaki mlango ulegezwe ili watoto wetu wapite. Tunataka njia ya kuufikia imulikwe.

Vyuo vyetu navyo vipitie silabusi moja baada ya nyingine, na kila profesa ajiulize kama kozi yake imefuata sheria ya 2017. Mabadiliko ya LMD yasiishie kwenye majina ya madarasa. Makampuni ya madini na biro za ukaguzi zifungue staji, tena staji yenye kazi, si ya kupiga fotokopi na kupika kahawa. Kampuni inayochimba shaba ya Katanga kwa miaka 20 haiwezi kukosa nafasi ya vijana wawili mezani pa hesabu.

Na wazazi: mtoto aliyemaliza chuo akisema anataka miezi sita ya kusoma tena, msimwite mvivu. Mpunguzieni kazi za nyumba, mtafutieni taa. Aliye na kazi tayari, bosi wake amwache atoke mapema Jumamosi.

Wanaojiandaa mwaka huu tunawatakia moyo. Waanze wiki hii, kwa zoezi moja, na wiki ijayo wamtafute mwenzao wa pili. Siku mtu wa Katuba au Ruashi atakapoketi mbele ya hesabu za mgodi na kusema «ukurasa huu sitii saini mpaka munieleze», wakaaji wa jirani na mgodi ule watakuwa wamepata mtetezi wa pesa zao.