Mwenye pumu naye acheze

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Njoro aliniletea binti yake wa kidato cha kwanza. Hakufuata dawa. Alitaka nimwandikie barua ya kumwondoa kwenye michezo shuleni kwa sababu ana pumu. Sikuiandika, na kwa kuwa wazazi wanaoomba barua kama hiyo ni wengi, nimeona nieleze sababu.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Si lazima zifuatane. Dakika 20 za kutembea haraka kwenda shule, 20 za mapumziko na 20 za jioni zinatosha.

Mazoezi hayo ni ya aina tatu. Kwanza ni yanayoupa kazi moyo na mapafu: kukimbia, mpira wa miguu, netiboli, baiskeli, kucheza ngoma. Pili ni yanayojenga misuli, kama kuvuta kamba, kupanda miti na kupanda vilima, ambavyo sisi wa Moshi tunavyo bure. Tatu ni yanayoimarisha mifupa: kuruka kamba, rede na mbio. Aina hizi mbili za mwisho zifanyike angalau siku tatu kwa wiki.

Mifupa hujengeka kwa kasi wakati wa kubalehe. Ajabu ni kwamba ndio umri tunaomwambia binti, "Umekuwa mkubwa sasa, acha kurukaruka." Mzazi, usimwambie hivyo. Hata hedhi si sababu ya kumkalisha, kama mwenyewe anajisikia vizuri.

Sasa turudi kwenye pumu. Mtoto ambaye pumu yake imedhibitiwa kwa dawa anaweza kucheza kama wenzake. Aanze kwa kupasha mwili taratibu dakika 10 hadi 15. Inhela iwe mfukoni mwake, isifungiwe kabatini ofisini kwa mwalimu. Asubuhi za baridi za Juni na Julai afunike pua na mdomo kwa skafu. Akibanwa, aache kucheza, akae wima na kuvuta dawa. Asipopata nafuu, awahishwe hospitali.

Mwenye selimundu naye acheze kwa kiasi alichoshauriwa na daktari wake, anywe maji mara kwa mara, na asilazimishwe kuendelea akichoka.

Lakini mtoto yeyote anayezimia akikimbia, anayeumwa kifua, au anayeishiwa pumzi mapema kuliko wenzake, asimame kwanza. Mlete apimwe moyo kabla hajarudi uwanjani.

Yule mama aliniuliza, "Daktari, akibanwa uwanjani nani atawajibika?" Ni swali halali. Ndiyo maana binti aliondoka na barua ya aina nyingine: inamwambia mwalimu kwamba acheze, inhela akae nayo mwenyewe, na hatua za kufuata akibanwa zimeandikwa moja baada ya nyingine. Kama mwanao ana pumu, muombe daktari wake barua kama hiyo, kisha uipeleke shuleni wewe mwenyewe.