Mchoraji na Faragha Yake: Maoni Kuhusu Msamiati wa Uhakiki

Uhakiki wetu wa sanaa umejengwa, kwa kiasi kikubwa, juu ya jamii. Tunauliza kazi ina dhamira gani, inamfunza nani, inatetea tabaka lipi. Maswali haya yanafaa katika kuhakiki ngoma au ushairi wa kujibizana. Katika uchoraji yanaacha pengo.

Tuchukue mfano wa Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli. Aliwafundisha jamaa zake, na mwaka 1990 warithi wa mtindo wake wakaunda chama cha ushirika. Leo jina lake limehama ngeli. Tunasema “Tingatinga alichora”, lakini pia “tingatinga hii imeuzwa”. Upatanisho wa kisarufi umemtoa katika ngeli ya watu na kumweka pamoja na bidhaa. Mtindo una jina. Saa alizokaa peke yake akiamua jicho la chui liwe wapi hazina.

Naandika haya nikiwa Nyangamara, katika mkoa wa Lindi alikozaliwa George Lilanga (1934–2005). Lilanga alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, mahali palipojaa wasanii, na mashetani wake hucheza na kubebana. Ni nadra kumkuta mmoja pekee. Mhakiki mwenye haraka atauona hapo ujamaa mtupu. Ni kweli kwamba miaka ya mwisho alikuwa na wasaidizi. Hata hivyo, umati uliochorwa hauthibitishi kuwa aliyeubuni alikuwa katika umati.

Wanafunzi wetu, wakitakiwa kuieleza hali hiyo, huandika “upweke”. Neno hilo limekwisha kubeba huzuni: mpweke ni mtu aliyeachwa. “Peke yake” haina huzuni, lakini si nomino. Tunapendekeza “faragha”, yaani kujitenga kwa hiari. Wapo watakaosema kuwa neno hili linanukia siri. Na linukie, mchoraji hana wajibu wa kutangaza alichokuwa akikitafuta.

Warithi wa Tingatinga wangali wakichora Dar es Salaam. Mtafiti atakayewaendea, kabla ya kuwauliza ujumbe wa picha, awaulize huchora saa ngapi, hupaka rangi ipi kwanza, na ni picha zipi walizozifuta bila kumwonyesha mtu.