Wagonjwa Wawili na Punda Mmoja

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho habari za mwiba uliokuwa mwilini mwake. Alimsihi Bwana mara tatu auondoe, wala haukuondolewa. Alipewa neema badala yake. Wengi hulisoma jibu hilo upesi upesi na kupita, maana ni jibu gumu. Mtu aliyekesha na mtoto mgonjwa haulizi habari za neema. Auliza dawa iko wapi, na hakuna wa kumlaumu. Walakini wako watu ambao jibu hilo liliwafikia nao wakakaa nalo miaka mingi. Mmoja wao amezikiwa mkewe hapa pwani.

Dkt. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844, naye alikuwa amekwisha kuonja uchungu. Alikuwa amefungiwa njia ya kurudi Uhabeshi alikofanya kazi kwanza, na katika safari za huko mkewe, Rosine, alijifungua mtoto jangwani, asiishi. Wakamwita Eneba, maana yake chozi.

Mombasa alianza kazi kwa bidii. Tarehe 8 Juni aliketi na kadhi wa mji kuanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. (Padre na kadhi juu ya mkeka mmoja, wakitafuta maneno: jambo hilo lastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa.) Mwezi wa Julai Rosine akazaa binti, na homa ikaingia nyumbani. Siku zile watu walidhani homa hiyo hutoka katika hewa mbaya. Habari ya mbu haikuthibitika mpaka mwaka 1897. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, dhaifu hata hakuweza kumtunza mkewe ipasavyo. Kabla ya kufa mama huyo aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwe ukumbusho kwa Wamijikenda wapitao njiani. Kaburi hilo lingali huko Nyali.

Ingekuwaje kama mtu huyo angalipanda jahazi kurudi kwao? Hapana ambaye angemwita mwoga. Wala haifai kusema ya kuwa hakuhuzunika kwa sababu alikuwa na imani. Imani isiyojua kulia si ile ya Zaburi. Alilia, akapona kidogo, akarudi kwenye tafsiri yake.

Mwaka 1846 alipata mwenziwe, Johannes Rebmann, na wazee wa Rabai wakawapa ruhusa ya kukaa kwao. Siku ya kuhamia, mwezi wa Agosti, ilipowadia, wote wawili walikuwa na homa. Punda alikuwa mmoja. Basi wakapokezana, huyu akipanda na huyu akijikokota kwa miguu. Msafara wa namna hiyo, nani angeutazama akadhani una lo lote la kuleta? Hawakuwa na askari wala mali ya kuwatisha au kuwavuta watu, na hata afya hawakuwa nayo. Wenyeji waliwaona wageni wawili wanaotetemeka, wakawapokea.

Ukihesabu waliobatizwa miaka ile, hesabu ni fupi mno, na mkubwa wa ofisi apendaye taarifa nzuri angeona haya kuipeleka mbele. Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete, naye hakuishi sana baada ya ubatizo. Wale wenye nguvu walisikiliza kwa adabu, wakaenda zao mashambani. Aliyeshika neno alikuwa yule ambaye maisha yalikuwa yamemwachia kidogo cha kushika. Labda aliyatambua maneno ya wale wagonjwa wawili kwa kuwa yalitoka mahali alipopajua.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya afya. Kamusi yake ya Kiswahili, aliyoitaabikia muda mrefu, ilichapishwa London mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, asiishike mkononi.

Rebmann alibaki Rabai. Ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na wataalamu wengine wa Ulaya wakamcheka, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Alimzika mkewe, akaendelea na maneno yake na watu wake wachache, na macho yakaanza kumtoka. Aliyeona kisichosadikika akawa kipofu. Mwaka 1875 alirudi Ulaya akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai, mwana wa Abe Gunja aliyekuwa miongoni mwa waumini wa kwanza kabisa. Mwaka uliofuata Rebmann alifariki. Mzee aliyekuja zamani kuwaonyesha wengine njia alipanda meli akishikwa mkono na mtoto wa nyumba ile aliyoifundisha.