Kelele si Kosa: Tuwapime Vijana kwa Matendo Yao

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Methali hiyo inafaa sana tunapouzungumzia muziki ambao vijana kadhaa wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiutoa katika miaka ya karibuni, muziki uitwao metali, pamoja na nduguye aitwaye hadikoo. Wengi wetu tukiusikia kwa mara ya kwanza huziba masikio. Magitaa hunguruma kama mashine ya kusaga mawe, ngoma hupigwa kwa kasi ya bunduki ya rashasha, na mwimbaji haimbi bali hukoroma na kupiga mayowe. Asiyeujua hudhani kuna ugomvi, na pengine hukimbilia simu kuwaita polisi. Ndiyo maana tumeona yafaa tuwaeleze ndugu zetu askari wa jeshi na polisi habari za muziki huu. Wao ndio wanaoitwa usiku, na wao ndio watakaoamua kama kijana aliyevaa shati jeusi lenye picha ya fuvu la kichwa atakwenda zake nyumbani au atalala rumande.

Giza tulilolitaja si la methali peke yake. Mwaka 2019 vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja ajulikanaye kwa jina la Lord Spikeheart, na Sam Karugu, waliunda kikundi wakakiita Duma, neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Wote wawili walikuwa wamekwisha kupitia bendi za metali za jijini humo. Mwaka huo huo walikuja hapa Kampala, wakafanya kazi studio kwa muda wa miezi mitatu, na mwezi Agosti 2020 kampuni ya santuri ya Nyege Nyege Tapes ya hapa hapa Kampala ikaitoa albamu yao. Wachambuzi wa muziki wa Ulaya na Marekani waliisikiliza na kuisifu. Mwaka 2021 sauti ya Kanja ilisikika tena katika albamu ya Tewari, iliyotengenezwa na Mjapani ajiitaye Scotch Rolex, pamoja na wasanii wetu MC Yallah na Swordman Kitala. Kisha, mwezi Aprili 2024, Kanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, chini ya kampuni yake aliyoipa jina la Haekalu.

Tungependa askari wetu waisimamie kidogo albamu hiyo ya mwisho, kwa sababu imewekwa wakfu kwa askari mwenzao. Mama huyo ni Muthoni wa Kirima, bibi mzaa mzazi wa ukoo wa Kanja, mwanamke pekee aliyepata cheo cha Fildi Masho katika jeshi la Mau Mau. Aliingia msituni kupigana na Mwingereza, na hakutoka mpaka Kenya ilipojipatia uhuru mwezi Desemba 1963. Nywele zake alizoziachia zikasokotana huko msituni aliendelea kuzifuga kwa takriban miaka sabini. Zilikatwa mwezi Aprili 2022 na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza wa Kenya, na mwezi Septemba 2023 shujaa huyo akafariki dunia. Miezi michache baadaye kitukuu wake akamwomboleza kwa sauti aliyo nayo, yaani kwa mayowe.

Tuyatafakari hayo. Askari wa mkoloni aliyeziona nywele zile msituni aliona gaidi wa kupigwa risasi. Wananchi waliziona nywele zile zile wakamtambua mkombozi. Nywele hazikubadilika; aliyebadilika ni mtazamaji. Hivyo basi askari wa nchi huru anapokutana na kijana mwenye misokoto mabegani na cheni kiunoni, hana budi ajiulize: Je, ninamtazama kwa macho yangu, au kwa macho niliyoachiwa na bwana mkubwa aliyekwisha ondoka?

Wako watakaotuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini basi muziki huu uzungumze juu ya vifo, vita na mafuvu. Jibu letu ni kwamba ulizaliwa mahali pa kazi ngumu. Chimbuko lake ni Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani alipokuwa kijana. Alijitengenezea vidole vya bandia, akalegeza nyuzi za gitaa lake ili aweze kuzibonyeza, na ule mlio mzito ukawa msingi wa muziki wote uliofuata baada ya albamu yao ya mwaka 1970. Kutoka eneo hilo hilo ilitokea bendi ya Napalm Death, ambayo albamu yake ya mwaka 1987, Scum, inaanza kwa kuyashutumu makampuni makubwa ya kimataifa yanayonyonya jasho la wanyonge. Sisi tuliokwisha kuyaonja makampuni ya namna hiyo hatuwezi kusema kwamba vijana wale walipiga kelele bila sababu.

Hata habari za askari zimo. Bendi ya Bolt Thrower ya Coventry iliimba vita karibu katika kazi zake zote, na katika albamu yake ya mwaka 1994, For Victory, iliingiza beti za shairi lile ambalo Waingereza hulisoma wanapowakumbuka waliokufa vitani. Askari yeyote aliyewahi kusimama kimya mbele ya mnara wa mashujaa ataelewa maana yake. Nao Sepultura wa Brazili, katika albamu yao ya mwaka 1993, waliimba habari za gereza la Carandiru mjini São Paulo, ambako tarehe 2 Oktoba 1992 polisi walioingia kuzima ghasia waliwaua wafungwa 111. Wimbo huo ni mchungu kwa askari. Lakini mchungu ndio unaotibu, na jeshi lisilotaka kusikia habari za makosa ya askari wengine litayarudia makosa hayo hayo.

Hatusemi kwamba wapenzi wote wa muziki huu ni malaika. Nchini Norway, mwaka 1992, makanisa ya kale ya mbao yalianza kuchomwa moto, na mwezi Agosti 1993 mwanamuziki mmoja aliuawa kwa kisu na mwenzake. Yale yalikuwa maovu makubwa. Polisi wa nchi ile walifanya nini? Walichunguza, wakakusanya ushahidi, wakamkamata mwuaji, na mwaka 1994 mahakama ikamfunga miaka 21 kwa mauaji na uchomaji wa makanisa. Gitaa halikushitakiwa. Waliofanya jinai walilipa. Wasiofanya waliachwa waendelee na muziki wao.

Linganisheni na yaliyotokea Morocco mwaka 2003. Vijana 14 walikamatwa Casablanca, na miongoni mwa vielelezo vilivyopelekwa mahakamani vilikuwamo mashati meusi, santuri na mafuvu. Walihukumiwa vifungo vya mwezi mmoja hadi mwaka mmoja kwa madai ya kutikisa imani ya dini. Raia walipinga, na mahakama ya rufaa ikawaachia wengi wao. Nani alifaidika? Si dini, si dola, wala si polisi waliopoteza nguvu zao kulinda nchi dhidi ya mashati. Nchi mbili, muziki mmoja, njia mbili. Askari mwenye busara anajua ni njia ipi inayompatia mhalifu, na ipi inayompatia adui mpya asiyekuwapo jana.

Hapa kwetu pia tumepata somo. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, lina jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulitamka kwa haya. Lakini kwa Kiganda jina hilo hueleza ule msukumo wa ghafla unaomfanya mtu ainuke acheze. Mwezi Septemba 2018 Waziri wa Maadili alitangaza kulipiga marufuku, na siku chache baadaye likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 Bunge nalo lilitaka lisimamishwe, na Waziri Mkuu akaliruhusu kwa masharti vilevile. Tunaona kwamba uamuzi wa mwisho katika mara zote mbili ulikuwa wa haki. Masharti humwongoza mtu mzima. Marufuku humfukuza akajifiche mahali ambapo hata askari wa kumlinda hayupo.

Jambo jingine ni la sheria, nasi tunawasihi ndugu zetu polisi walishike. Mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya nchi yetu ilitengua vifungu vya Kanuni ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kama mzururaji kwa kushukiwa tu kwamba yuko mahali fulani kwa nia mbaya. Vifungu hivyo vilikuwa urithi wa mkoloni, na mzigo wake ulimwangukia maskini. Kwa hiyo shati jeusi si ushahidi, na mlio wa gitaa si ungamo. Kama kuna bangi, ikamatwe bangi. Kama kuna kisu, akamatwe mwenye kisu. Kama hakuna lolote, kijana apewe salamu na aachwe apite.

Kwa upande wao, vijana nao wanapaswa kukumbushwa wajibu wao. Uhuru wa kupiga ngoma hauondoi haki ya mgonjwa kulala wala ya mwanafunzi kusoma. Anayetaka kufanya onyesho na aombe kibali mapema, afunge mlango wa ukumbi, apunguze sauti saa iliyoamriwa ikifika, na amheshimu afande anayekuja kumkumbusha. Hasira ya nyimboni ni sanaa. Hasira hiyo ikivuka jukwaa ikampiga jirani, inakuwa shambulio, nayo ina kifungu chake.

Hatumlazimishi askari yeyote aupende muziki huu. Hata baadhi yetu tumeisikiliza albamu ya The Adept nusu, tukaiweka kando, kisha tukairudia siku ya pili. Lakini askari anayekimbia mchakamchaka alfajiri, akiitikia wimbo kwa sauti moja na wenzake mpaka woga umtoke, anajua tangu zamani kwamba mayowe yana kazi yake. Hutoa sumu kifuani kabla haijafika mikononi. Kijana aliyepiga mayowe jukwaani saa nzima akarudi nyumbani amechoka hana haja ya kumpiga mtu barabarani.

Kwa hiyo, ndugu askari, siku utakapoitwa usiku kwenye ukumbi wenye ngurumo, ingia kwa utulivu, uliza kibali, tazama mikono ya watu kabla ya nywele zao. Huenda aliye mbele yako ni kitukuu wa Fildi Masho, naye anamlilia bibi yake.