Tusiwadanganye Watoto Waendao Kupasuliwa

Mtoto akiungua mkono kwa uji wa moto, kidonda kikapona, kisha kovu likavuta vidole hata visikunjuke, je, huyo ni wa kufichwa ndani? La, hasha! Mkono huo mara nyingi waweza kunyoshwa kwa kupasuliwa. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wazee wetu walitangaza vita juu ya ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 2010 Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini sheria haiwezi kumshika mtoto mkono mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kazi hiyo ni yetu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza hospitali mama mmoja wa tawi letu na binti yake wa miaka sita. Njiani mama alimwambia mtoto kuwa wanakwenda kununua viatu. Mtoto alipowaona watu waliovaa barakoa alipiga mayowe, akamng'ang'ania mama yake. Muuguzi hakumlazimisha. Alimpa barakoa amvike mwanasesere wake, akamweleza kwamba atalazwa kwa dawa ya usingizi, hatasikia akikatwa, na akiamka mkono utauma naye atapewa dawa. Mtoto akatulia, akauliza: "Mama atakuwapo nikiamka?" Kumbe hilo ndilo alilotaka kujua.

Wako wasemao kwamba kumwambia mtoto kweli ni kumtia hofu bure. Wamekosea. Hofu ya jambo lililoelezwa hupungua. Uchungu wa kudanganywa hubaki. Tena kazi haiishi siku ya kupasuliwa. Vidole visipofanyiwa mazoezi kila siku, kovu laweza kuvivuta tena. Mtoto atamwaminije siku ya mazoezi mtu aliyemlaghai siku ya kwanza?

Basi wazazi, mwelezeni mtoto mapema, kwa maneno mepesi. Mwacheni achukue kitu akipendacho. Akiamriwa asile, msimpe hata andazi la siri: chakula chaweza kupanda akiwa usingizini kikaingia mapafuni.

Nanyi viongozi wa matawi, mchangieni mama nauli, mtafuteni mtu wa kuwatazama wadogo nyumbani, ili akae na mwanawe mpaka aamke. Chama kinachohesabu kadi tu, kisijue ni mtoto gani amefichwa nyumba ya tatu, hakijaanza kujenga taifa.